Mcheka Mtama

"Mcheka mtama hula mlango umefungwa." Mmeisikia kisimani leo mkacheka, sasa mnataka kujua ilikotoka. Haya, kaeni, wajukuu zangu, na wewe acha kuchezea ungo wangu. Methali hii ilianzia nyumbani kwetu, na mtu mwenyewe alikuwa baba yangu, Chilongani. Ndiyo maana mimi siicheki.

Zamani hapa Ugogo wanaume hawakula ndani. Jioni kila mke alipeleka chakula barazani, na wanaume wa jirani wakala pamoja. Hapakuwa na siri, maana sahani yako ndiyo habari ya shamba lako.

Miaka ile mvua zilianza kugeuka. Zinanyesha kidogo, mahindi yanachipua, kisha zinakata mpaka majani yanajikunja. Jirani yetu Ndahani akaona mbali, akarudia mtama wa babu zake, unaovumilia jua. Siku mkewe alipouleta ugali wake barazani, mweusi mweusi, baba akausukuma kando kwa kidole.

"Ndahani, siku hizi unakula na ndege kwelea?"

Wenzake wakacheka. Ndahani akainama, akala peke yake.

Mama alimsihi baba tupande mtama japo kipande kimoja. Akamjibu, "Nyumba yangu si kiota." Basi tukapanda mahindi shamba zima, na jua likayachoma yote.

Njaa haina adabu. Mama akaenda kwa mke wa Ndahani kwa siri, akarudi na mtama chini ya khanga, na yule mama wa watu hakumwambia hata mumewe. Baba akautazama ule ugali, akasema, "Hicho hakiendi barazani. Tutakula humu humu. Fungeni mlango." Tukawa tunakula hivyo, kuni zinawaka ndani, moshi tele, machozi yanatutoka. Tukafundishwa kufuta midomo kabla ya kutoka nje. Nilikuwa mdogo, lakini aibu ile niliijua.

Barazani wakamkosa baba, wakadhani anaumwa. Jioni moja tukasikia hodi. Baba akatuonyesha kidole mdomoni, tukanyamaza. Moshi ukanikaba, nikakohoa.

"Chilongani, ni mimi Ndahani na wenzangu. Huonekani, tumekuja kukujulia hali."

Baba akafungua, mkono wa kulia bado umeshika tonge jeusi. Hakuwa na pa kulificha. Ndahani alikuwa amebeba bakuli la uji wa mgonjwa, nao ulikuwa wa mtama. Akautazama ule mkono, akatutazama sisi watoto, macho yetu mekundu kwa moshi. Wala hakucheka.

"Acha mlango wazi, ndugu yangu," akasema. "Watoto wapate hewa."

Akaweka uji chini, wakaondoka. Baba akabaki pale mlangoni, ugali ukimkaukia vidoleni.

"Bora angenicheka," akamwambia mama.

Kesho yake jioni baba mwenyewe alibeba sahani yetu ya ugali wa mtama kwenda barazani, kazi ambayo hapa kwetu mwanamume hakuwahi kuifanya. Mama alitaka kumpokea, akakataa. Akapita nayo mbele za watu, akaiweka miguuni pa Ndahani, akasema maneno mliyoyacheka kisimani:

"Mcheka mtama hula mlango umefungwa."