Sikudhani na Ngozi ya Chatu

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa na mwili, mwili ukakua.
Ukakua, tukauona.

Hapo kale, binti aitwaye Sikudhani alivunja ungo, akawekwa ndani. Akarefuka upesi kama mhindi wa masika. Siku moja akaona michirizi mabegani, myekundu kama alama za makucha.

Binamu yake Mwatatu alipoleta chakula, akachungulia. "He, mwenzetu unapasuka. Siku ya ngoma utatolewa mabega wazi, watu watasema umepigana na chui."

Sikudhani akasugua kwa unga wa liwa, haikutoka. Akasugua kwa majivu, haikutoka. Akasugua kwa jiwe la miguu, ikatoka damu, michirizi ikabaki.

Akamwita mama yake mlangoni. "Mama, huu ugonjwa gani?"

"Mambo ya mwili mama hasemi. Msubiri somo wako, ndiye wa kukufunda."

Mama alikuwa nayo michirizi hiyo hiyo, ameifunika kwa kanga. Lakini alikuwa na mtama wa kutwanga, na mila ilimruhusu kunyamaza. Somo naye alikuwa mbali, anazika nduguye.

Chatu akapenya tundu la ukuta.

"Binti, wataka nini?"

"Ngozi isiyochanika."

"Isiyochanika haitanuki. Waitaka?"

"Naitaka."

"Mifupa itasukuma, ngozi itakataa. Waitaka?"

"Naitaka."

"Mimi hujivua nikakua. Wewe hutajivua. Waitaka?"

"Nipe kabla ya ngoma."

Akampa. Mabega yakawa laini, hayana hata doa.

Siku ya saba somo akafika, akamkuta mwali amejikunja kwenye mkeka, hawezi kusimama wima. Akamgusa ngozi, akajua. Akafunua bega lake mwenyewe, lina michirizi iliyofifia.

"Hivi ndivyo ngozi inavyoupisha mwili. Baadaye hupoa rangi. Nani kakunyima neno hili?"

Mama akasema, "Nilikuwa nakusubiri wewe."

Ngoma ikapigwa, wakatolewa wanawali wengine. Mwatatu akaolewa, akazaa, akazeeka. Sikudhani akabaki na kimo cha mtoto na ngozi nzuri, na kila masika mifupa ikamlilia. Mama yake akamlisha mpaka alipokufa mama.

Hadithi nimeitua hapa, ajitwishe mwenye nguvu. Mtoto akikuuliza wewe, jibu wewe. Na anayecheka ngozi ya mwenzake aanze kutuonyesha yake. Yangu naijua, msinisumbue.