Vibao vya Asali na Jina la Mtoto

Nipeni masikio, niwape kesi. Mwisho wake msiniulize, maana mwisho ndio nimekuja kuutafuta kwenu.

Huko Kwezinga, kijiji kilichobanwa kileleni mwa milima ya Usambara, walikuwepo wanawake watatu wenye mikono ya baraka na ndimi za upupu.

Wa kwanza ni Salha, mkausha matunda. Alikata mapeasi, ndizi na mafenesi vipande vyembamba, akavianika kichanjani, na jua la mlimani alilijua kama mke anavyomjua mume mlevi: linarudi saa ngapi na linatoroka kwa hila gani. Matunda ya Salha hayakuota ukungu hata masika.

Wa pili ni Mwanjaa, mkaangaji. Karanga, korosho, ufuta, mbegu za maboga, vyote alivikaanga kwa kusikiliza. Wengine walichungulia chungu, wakaonja, wakaunguza. Mwanjaa alifumba macho, akasikia mlio unavyobadilika, akaipua. Ukizitia mdomoni karanga zake zilivunjika zenyewe, hukuhitaji hata meno mazuri.

Wa tatu ni Mboni, mwenye mizinga. Asali wanayo wengi, lakini kuipika hadi ishike vitu na isivunje meno, hiyo ilikuwa siri ya mkono wake. Ukiiwahi, ni uji. Ukiichelewa, ni jiwe chungu. Mboni hakuiwahi wala hakuichelewa.

Basi hawa watatu hawakupikika chungu kimoja. Salha alisema Mwanjaa ni mpishi wa chakula cha panya. Mwanjaa alisema Salha anauza vikongwe vya matunda. Wote wawili walisema Mboni hana kazi, wanaofanya kazi ni nyuki. Mboni alijibu kwamba afadhali kuishi na nyuki, wao wakikuuma hufa.

Jambo moja tu liliwapatanisha: kumdharau Fahima.

Fahima alikuwa mke wa Shebughe, mpasua mbao, aliyemtoa Pangani. Alikulia mahali tambarare, hakujua kupanda mlima na ndoo kichwani. Siku yake ya kwanza kwenda kisimani aliteleza, ndoo ikabingirika, naye nyuma yake. Wale watatu walikuwepo. Walicheka hadi wakashikana mabega.

"Shebughe kaoa mkeka," alisema Mwanjaa. "Kazi yake kutandazika chini."

"Mkeka una faida, unakaliwa," alisema Salha.

"Msijichoshe," alisema Mboni. "Baridi ikianza atajikunja mwenyewe arudi kwao."

Fahima aliyasikia yote. Alijifunza kupanda mlima, na baridi ilipoanza hakurudi kwao. Alijifunza pia kunyamaza, na ndani ya ule unyamavu dharau yake mwenyewe ikashika kama ukoko chini ya chungu. Aliwatazama akawaona wanawake watu wazima wanaogombea sifa kama watoto wanaogombea kigoda. Hakuwaambia. Kila asubuhi aliwapa shikamoo yao, akapita.

Mimba yake ilipokomaa, yeye na Shebughe walishika njia kuteremka mjini, kwenye zahanati. Mvua ilikuwa haijapumzika kwa siku nyingi. Njiani waliongozana na Mama Zuhura, mwanamke wa makamo aliyekuwa akipeleka kabichi sokoni. Wamekwisha kuvuka daraja la magogo kwenye korongo, mlima ukanguruma. Udongo uliporomoka nyuma yao, ukachukua daraja. Kabla hawajamaliza kutaja jina la Mungu, ukaporomoka na mbele yao, ukafukia njia. Wakabaki katikati, kwenye banda la zamani la kupasulia mbao, na kabichi za Mama Zuhura. Kuni zilikuwa zimelowa hadi kiini, moto haukuwaka.

Watu wa Kwezinga walikusanyika ng'ambo. Wanaume walifunga jiwe kwenye kamba nyembamba ya katani, wakarusha, wakakosa, wakarusha tena, hadi Shebughe akaidaka. Ile kamba ilibeba kifuko kidogo tu. Sufuria ingeikata, na mtu asingethubutu. Walijaribu kupeleka ugali na maharage kwenye mfuko. Mvua ikaingia, kikafika kitu ambacho hata mbwa wa Pangani, alisema Fahima, angekinusa kwa adabu tu.

Hapo ndipo wale watatu wakajitokeza, kila mmoja kivyake.

Salha alipeleka matunda yake makavu. Wale watatu wa bandani waliyala kwa furaha, lakini matunda matupu juu ya kabichi mbichi hayana huruma. Matumbo yaliwasokota, Fahima akabaki mnyonge kuliko mwanzo. Ng'ambo, Mwanjaa alijipiga kofi pajani. "Vikongwe vimewatembeza!"

Mwanjaa akapeleka karanga na korosho zake. Kifuko kiliyumba na upepo, kikagonga mwamba, kikapasuka, na karanga zikamwagikia mtoni. Zilizofika hazikujaza kiganja. "Samaki wanakushukuru," alisema Mboni.

Mboni akapeleka asali kwenye kibuyu. Ilifika salama. Lakini asali tupu katika tumbo lenye njaa ni mtihani. Fahima aliilamba, ikamkereketa, akaitapika yote. Safari hii Salha na Mwanjaa walicheka pamoja, na sauti zao zikavuka korongo bila kuhitaji kamba.

Fahima alikuwa amelala juu ya mbao, uchungu umeanza, uchungu dhaifu unaokuja na kuondoka kwa sababu mwili wenyewe hauna cha kusukumia. Alisikia vile vicheko. Mimi nakufa hapa, aliwaza, na kule wanashindana.

"Baba," alimwambia mumewe, "waambie wachanganye."

"Wachanganye nini?"

"Vitu vyao. Au wana miiko?"

Shebughe alipiga kelele kuvuka korongo. Kisha ikasikika sauti ya Salha: "Vyangu nichanganye na vya huyu?"

Shebughe alimwangalia mkewe. Macho yalikuwa yamezama, midomo imekauka. Akasimama ukingoni, akaita kwa sauti ambayo kijiji kizima kiliisikia: "Aliyeko huko atakayemtia mke wangu nguvu ajifungue salama, nikipata binti atachukua jina lake! Nimesema mbele ya watu!"

Kwezinga, mtu akisema mbele ya watu amesema. Na kuitiwa mtoto jina lako ni heshima ambayo hakuna mmoja kati ya wale watatu aliyewahi kuipata. Nani ampe mtoto wake jina la mwanamke mwenye upupu mdomoni?

Yaliyotokea jikoni kwa Salha, Fahima aliyasikia baadaye kwa vinywa vingi, na vyote vililingana.

Salha alikuwa ameishiwa akiba ya kawaida. Alifungua mtungi wa matunda aliyoyachagua moja moja kwa ajili ya harusi ya bintiye, ile tunu ya kumtolea mkwe mpya. Akayamimina yote kwenye ubao, akayakata vipande vidogo vidogo bila kuyatazama mara ya pili.

Mwanjaa alikaanga kwa kuni mbichi, machozi yakimtiririka kwa moshi. Figa moja likateleza, chungu kikainama. Alikishika kwa viganja vitupu, akakirudisha mahali pake, ngozi ikabaki kwenye udongo wa chungu. Hakumwaga hata ufuta mmoja.

Mboni hakuwa na asali tena. Alipanda msituni kwenye mvua, kwenye mzinga wake wa mwisho, akaupasua. Nyuki waliotimuliwa kwenye mvua ile hawakupona, na mwenye nyuki waliokufa si mwenye nyuki tena. Alirudi uso umevimba, jicho moja limefumba, kibuyu kimejaa.

Msidhani kwamba waliungana mioyo. Walipika wakitukanana.

"Asali yako inanuka moshi."

"Kinachonuka ni kazi yako. Koroga."

"Na haya yote kwa ajili ya mkeka!"

Mboni aliipika asali, akadondosha tone kwenye maji baridi, akalibonyeza kwa vidole. Bado. Akadondosha jingine. "Sasa!" Mwanjaa akamwaga karanga na korosho alizozitwanga nusunusu, ufuta na mbegu za maboga. Salha akamwaga matunda. Wakakoroga kwa mwiko mmoja wakipokezana, wakautandaza ule mchanganyiko kwenye jani la mgomba lililopitishwa motoni, wakaukandamiza kwa chupa hadi ukalala sawasawa. Ulipopoa wakaukata vibao vya ukubwa wa kiganja, wakavifunga kimoja kimoja.

Kifuko kilipita kwenye kamba. Kikagonga mwamba, vibao havikumwagika. Mvua ikakipiga, havikulowa. Fahima alitafuna kimoja polepole. Karanga zilimpa mafuta na kitu cha kusaga, matunda yakamfungua hamu kwa uchachu wake, asali ikaingia kwenye damu taratibu, haikumkereketa. Akala cha pili. Alasiri ile akaweza kuketi mwenyewe. Uchungu uliporudi ulikuta mwili unaojibu.

"Sukuma, mwanangu!" alisema Mama Zuhura, na Fahima akasukuma.

Akazaliwa binti, mdogo, mwenye sauti ya kudai haki yake. Vibao vilivyobaki viliwalisha hadi watu walipolaza magogo mapya korongoni na kuwarudisha nyumbani.

Siku ya saba ikafika. Mbuzi amechinjwa, mtoto amenyolewa, mwalimu wa madrasa amekaa akisubiri kuambiwa jina. Shebughe alimwinamia mkewe.

"Ahadi ni yangu, lakini roho iliyookolewa ni yako. Chagua wewe."

Fahima hakutaka ahadi ile. Moyoni alikuwa na jina la mama yake, aliyezikwa Pangani. Lakini akilitamka hilo, neno la mumewe litakuwa takataka mbele ya kijiji kizima.

Wale watatu waliingia bila kupiga hodi.

"Mimi sina maneno mengi," alisema Salha, kisha akayatoa. "Karanga na asali ni kitu cha kila siku. Kwa hivyo peke yake ungetapika tena. Uchachu wa matunda yangu ndio uliokufanya ukile kibao cha pili. Binti yangu ataolewa bila tunu, mikono mitupu, na wakwe watamsema. Angalau hili jina liwe jibu langu."

Mwanjaa aliinua viganja vyake vilivyofungwa vitambaa. "Nguvu ya kusukuma mtoto haitoki kwenye peremende. Inatoka kwenye karanga. Basi."

"Umwite mtoto Mwanjaa?" alicheka Salha. "Njaa yote aliyoipata mama yake haitoshi?"

Mboni alisubiri wamalize. Jicho lake lilikuwa limeanza kufunguka. "Bila asali yangu, hivyo vyenu ni takataka zilizokaa jirani. Mara ya kwanza karanga ziliishia mtoni, mlisahau? Mimi ndiye niliyeshikisha. Na nyuki wangu hawafufuki."

Fahima aliwatazama mmoja mmoja. Walikuwa wamepika kwa ajili yake, na walikuwa hawajaacha kumdharau. Hata sasa hakuna aliyemuuliza kama anaweza kukaa vizuri.

"Niwaulize," alisema. Ilikuwa mara yao ya kwanza kumsikia akisema kitu zaidi ya salamu. "Mume wangu asingetoa ahadi, mngepika pamoja?"

"Tulikuletea vyetu kabla hajaahidi lolote," alisema Salha. "Usitusingizie."

"Mlileta ili mchekane."

"Tulileta," alisema Mwanjaa.

"Mimi nisingepika nao," alisema Mboni. "Nisikudanganye. Ningeleta asali tena na tena, ungekufa na mdomo mtamu."

Watu wakacheka, Fahima hakucheka. Alimtazama mtoto usingizini, ngumi imekunjwa kidevuni. Ile dharau aliyoilea miaka yote ilikuwepo bado, nzito vilevile, lakini sasa ilikuwa imekalia kitu kingine ambacho hakukiomba: alikuwa hai kwa sababu yao.

Mjomba wa Shebughe alipendekeza majina yote matatu yaunganishwe. Salha, Mwanjaa na Mboni walikataa kwa kauli moja. Hawakuwahi kukubaliana haraka namna ile. Jina moja, au wasitajwe kabisa.

Mwalimu alikohoa. "Nyama inaiva, enyi watu. Mtoto anaitwa nani?"

Fahima akamsogeza binti yake kifuani, akafungua kinywa.

Hapo ndipo aliyenisimulia alipokatisha, na hapo ndipo ninapowaachia. Yupo aliyetoa tunu ya mwanawe. Yupo aliyetoa ngozi ya viganja vyake. Yupo aliyetoa nyuki wake wote. Kila mmoja peke yake alishindwa, na hakuna aliyefanya kwa mapenzi. Na yupo marehemu wa Pangani ambaye hakudai chochote.

Je, wewe unayenisikiliza, kama mtoto angekuwa kifuani pako, ungelitamka jina la nani?