Karanga Zilizogawanyika kwa Kila Kikapu

— Hadithi inabisha hodi!
— Ipite, ikae!
— Ikae wapi?
— Masikioni mwetu!

Hapo kale, siku ya Jumatatu, saa kumi na nusu jioni, mpiga mbiu alisimama mlangoni kwa Bi Chausiku, mjane. Akatangaza kwamba Ijumaa ni zamu ya nyumba hiyo kugawa karanga mbele ya Jumbe, mkuu wa mji.

Desturi ya mji ule ilikuwa hivi. Jumbe alichagua idadi ya vikapu, visizidi kumi, na aliweza kuibadili apendavyo. Karanga ziligawanywa sawasawa. Kwa kila karanga iliyobaki, Jumbe alichukua tuta moja la shamba. Watu walizidi kuleta karanga nyingi, wakidhani wingi utamlainisha. Wakazidi kupoteza matuta.

Bi Chausiku alibakiwa na matuta matatu. Binti yake, Siwema, hakulala vizuri. Alimwaga karanga mkekani, akapanga, akavuruga, akapanga tena.

Mama akamuuliza anatafuta nini.

“Hesabu isiyoacha kitu, mama. Nane amewabeba mbili na nne mgongoni. Tisa amembeba tatu. Nikiwaongeza tano na saba, sita na kumi watakuja wenyewe.”

Nane mara tisa, mara tano, mara saba: elfu mbili mia tano na ishirini. Akazihesabu mara tatu. Zilizozidi akazitia chunguni.

Ijumaa Jumbe Makungu akaja, na majirani nyuma yake. Akachagua vikapu saba. Wakagawa, wakagawa, wakagawa. Zikabaki?

— Hazikubaki!

Akachagua tisa. Zikabaki?

— Hazikubaki!

Akachagua kumi. Zikabaki?

— Hazikubaki!

Jumbe akavua kofia, akaiweka kando ya vikapu.

“Na hii ya kumi na moja,” akasema.

Watu wakanong'ona, lakini nani wa kumkataza? Siwema akapiga hesabu kichwani. Kumi na moja hakuwa amebebwa na yeyote. Itabaki moja. Tuta moja litakwenda.

Akachukua karanga moja kikapuni, akaimenya, akapiga goti.

“Jumbe, tangu asubuhi umekaa kwetu hujaonja kitu. Tutagawaje tena, na mgeni hajaonja?”

Majirani wakaitikia kwamba ni kweli, hiyo ni aibu ya nyumba. Katika mji ule, kukataa kuonja ni kumtukana mwenye nyumba mbele za watu. Jumbe akaipokea. Akatafuna. Akasema ni tamu.

Wakagawa, wakagawa, wakagawa. Kila kikapu mia mbili ishirini na tisa, na kofia vivyo hivyo. Zikabaki?

— Hazikubaki!

Jumbe akatazama ndani ya kofia yake, kisha akamtazama Siwema, taya zikiwa zimesimama. Akaikung'uta, akaivaa, akaondoka bila kuaga.

Asubuhi yake, kabla ya chai, Siwema alikwenda kwa jirani mwenye zamu iliyofuata. Akatandika mkeka.

“Mwaga zote, shangazi,” akasema. “Tunaanza na nane.”

— Hadithi inaaga!
— Iende salama, tumeisikia!