Bakuli la Shaba la Shagufta

Wahenga walinena kuwa adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Maana yake ni kwamba uchungu anaujua yule unaompata. Aliye nje hukisia tu, na mara nyingi hukisia vibaya. Wapo watu wanaoisikia methali hii wakatikisa kichwa, kisha wakaenda kumwambia mgonjwa namna anavyojisikia. Hadithi hii ni yao.

Katika mji wa Lakhnau, kule Bara Hindi, aliishi mdarizi aitwaye Shagufta, mjane asiye na mtoto. Aliishi nyumbani kwa kaka yake Mukarram na mkewe Tahmina. Mikono yake ilikuwa na baraka. Alidarizi maua meupe juu ya kitambaa cheupe, chepesi kama utando wa buibui, hata bibi harusi mwenye kiburi akayaona na kunyamaza. Kisha maradhi ya akili yakamwingia. Akawa anasikia sauti zikimtukana kutoka ukutani. Akapelekwa hospitali, akapewa vidonge, na sauti zikanyamaza. Hilo Shagufta hakulikana hata siku moja.

Lakini vidonge vilipozifukuza sauti, viliondoka na mikono pia. Vidole vilitetemeka kama unyasi katika upepo, taya ikakakamaa, na udenda ukamdondokea juu ya kile kitambaa cheupe. Kila mwezi alikwenda kwa daktari, na kila mwezi Mukarram ndiye aliyekaa kwenye kiti mbele ya meza. Shagufta alisimama nyuma kama mzigo uliosahauliwa.

"Analala?" daktari alimuuliza Mukarram.

"Analala."

"Hapigi kelele?"

"Hapigi."

"Basi dawa imemkubali."

"Daktari, mikono yangu..." Shagufta alianza.

"Dada, bora kutetemeka kuliko wazimu," akajibu bila kuinua macho. "Anayefuata!"

Ikawa hivyo miezi mitano. Shagufta akapandwa na hasira, akavitupa vidonge. Alikosea, kweli, lakini mtu asiyesikilizwa kwa mdomo husema kwa mkono. Mukarram alipogundua, alirudi kwa daktari peke yake, kama wafanyavyo wengi kule, akapewa chupa ya matone yasiyo na rangi, harufu wala ladha. Tangu siku hiyo Tahmina akawa anampakulia wifi yake dengu katika bakuli lake peke yake, la shaba.

Miezi mitatu ikapita, na mikono ikazidi kutetemeka.

"Wifi, chakula changu kina kitu," Shagufta alisema.

"Umesikia?" Tahmina akamnong'oneza mumewe. "Sasa tunamtilia sumu. Maradhi yamerudi hayo."

Matone yakaongezwa. Kadiri alivyosema kweli, ndivyo alivyozidi kuitwa mwendawazimu. Mwenye duka aliyekuwa akinunua kazi zake akamrudishia shela yake ya mwisho, ina madoa ya udenda na maua yamekwenda upande. "Pumzika, dada," alimwambia. Pumzika! Mdarizi kunyang'anywa sindano, si ndiko kuzikwa yu hai?

Adhuhuri moja ya Ijumaa, wakiwa wamekaa chini wanakula, Shagufta alilisukuma bakuli la shaba mbele ya kaka yake.

"Kula hili. Mimi nitakula lako."

Mukarram akacheka kicheko kikavu. "Kila mtu na lake, dada."

"Tonge moja tu, kaka. Au dengu zangu zimeota pembe?"

Mukarram aliponyoosha mkono, Tahmina akaudaka. "Usile! Ni la kwake hilo!"

Shagufta akawatazama mmoja mmoja. "Kumbe mlijua," alisema. "Mmeniita mwendawazimu kwa kuwa nimejua kilichomo kinywani mwangu!"

"Ni dawa, si sumu!" Mukarram alifoka. Haya ilimpata, na haya ya mtu mkaidi hugeuka ubishi. "Tazama basi!" Akalinyakua bakuli, akalimaliza lote.

Kabla ya magharibi shingo yake ilikuwa imepinda, macho yamegeuka juu, taya imefunga kama mlango wenye kutu. Wakamkimbiza hospitali. Daktari akamchoma sindano, na shingo ikarudi mahali pake.

"Nilikuwa nimefungwa ndani ya mwili wangu mwenyewe," Mukarram alilia.

"Pole sana, ndugu yangu," daktari alisema, akaandika.

Aliandika! Malalamiko ya kaka ya saa chache yalipata wino. Ya Shagufta ya miezi minane hayakupata hata nukta.

"Ondoka, kaka," Shagufta alisema. "Kiti hiki ni cha mgonjwa." Akakaa. "Sasa niandike na mimi, daktari. Sauti sizitaki, wala dawa sikatai. Ila mikono yangu naitaka. Dawa nyingine ipo?"

Daktari alikohoa. "Ipo, dada. Ilikuwapo siku zote. Ila hukuuliza..."

"Niliuliza kila mwezi! Ukaita anayefuata."

Daktari akainamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza akamweleza yeye: dawa hiyo nyingine huleta usingizi na unene, na sauti huenda zikabisha hodi tena. Shagufta akauliza, akapima, akachagua. Walikubaliana waanze na kipimo kidogo, arudi baada ya wiki mbili, na chupa aishike mwenyewe.

Leo anadarizi maua matatu kwa siku, na moja bado hupinda. Dengu anajipakulia chunguni. Tahmina alipomwomba msamaha, alimjibu, "Ngoja msamaha uive kwanza, wifi." Naye Mukarram, watu wakimuuliza dawa ya dada yake inaendeleaje, hujishika shingo na kusema, "Muulizeni mwenyewe. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti."