Jumbe Ngiri na Sakafu ya Ghala

"Hadithi inabisha hodi!"

"Na iingie, tumeiwekea kigoda!"

Hapo zamani za kale, mito ilipokuwa bado haijapewa majina, wanyama wa nchi moja walikuwa na desturi yao. Kila baada ya mavuno walijenga ghala jipya la mtama. Sakafu yake ya udongo waliishindilia kwa miguu, wote pamoja, bega kwa bega, huku wakiimba. Bi Kanga ndiye aliyekuwa manju. Yeye alianzisha wimbo, wenzake wakaitikia, na pale kiitikio kiliposhuka, miguu yote nayo ilishuka.

Wote waliimba, isipokuwa mmoja. Huyo ni Jumbe Ngiri, mkuu wa nchi. Alipokuwa mtoto alifungua kinywa ngomani, ikatoka sauti kama chungu kinachoburutwa juu ya changarawe. Wenzake wakaanguka chini kwa kicheko. Tangu siku ile alikifunga kinywa chake, na lile jeraha akalitunza moyoni kama hazina. Ole wake atunzaye jeraha, kwa kuwa itakuja siku atalivika vazi la hekima!

Siku hiyo ikaja. Mtama ulikuwa umelundikwa uwanjani ukingoja sakafu ya ghala, na mawingu yalikuwa yakikusanyika. Jumbe Ngiri akapanda juu ya kichuguu.

"Sikilizeni, enyi watu wangu! Mvua i karibu. Mtama huu ukilowa utaoza, na watoto wetu watakufa njaa. Kwa hiyo ni marufuku kuimba kazini. Wimbo unakula muda. Mdomo ufungwe, mguu ufanye kazi!"

"Lakini Jumbe," akasema Bi Kanga, "bila wimbo miguu itajuaje..."

"Wewe mama, kakae kando. Hapa tunataka miguu, na yako ni vijiti vya kuchokolea meno."

Bi Kanga akakunja mabawa yake yenye madoadoa, akaenda kukaa juu ya ua wa miti uliozunguka uwanja.

Wakaanza kushindilia kimya kimya. Pu! Tembo akashusha mguu, ukatua juu ya kwato la Pundamilia.

"Mama yangu wee! Mzee Tembo, huoni?"

"Nitaonaje, mwanangu, na tumbo hili liko njiani? Mimi siku zote nilishusha mguu kwa kusikia."

"Basi niombe radhi!"

"Nikuombe radhi? Nani alikutuma uweke mguu wako chini ya wangu?"

Kazi ikasimama. Ngiri akasema moyoni, "Hawa wanahitaji amri." Akasimama katikati yao, akapaza sauti: "Inua! Shusha! Inua! Shusha!"

Masikini Twiga! Amri ilipomaliza safari kutoka masikioni mwake hadi miguuni, wenzake walikuwa wameshainua tena. Kobe naye, kwa kufokewa, akajivuta ndani ya gamba.

"Bwana Kobe, toka humo!"

"Sitoki, Jumbe. Humu ndani hakuna anayenifokea."

Ngiri akazidi kuufanya moyo wake kuwa mgumu. Kesho yake akatoa amri ya tatu: "Kila mmoja na sehemu yake! Asimtazame mwenzake, asimsemeze!"

Wakafanya hivyo. Kwa Tembo pakawa bonde. Kwa Kobe pakabaki kilima. Kwa Twiga pakatoboka vishimo kama vya bao. Tena likatokea jambo baya kuliko hayo: Pundamilia alikuwa akichechemea, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza hali.

Ndipo tone la kwanza la mvua likamwangukia Ngiri puani. Akageuka kuutazama mtama. Juu ya lundo aliwaona watoto wake mwenyewe, wamelala kifudifudi, wakijaribu kuufunika kwa miili yao midogo. Akaenda hadi kwenye ua.

"Bi Kanga, mama yangu, nimekosa. Tuimbie."

"Wimbo ninao, Jumbe. Ila nikiimba bila waitikiaji, mimi ni kichaa tu anayesema peke yake. Nao hawasemezani. Nani ataitikia kwanza?"

Akamtazama. Ngiri akaelewa.

"Watanicheka!"

"Watakucheka sana," akasema Bi Kanga kwa upole. "Lakini njaa ya hao watoto haina kicheko."

Ngiri akaingia katikati ya ghala. Bi Kanga akaanzisha:

"Mtama uko nje, enyi ndugu zangu!"

Ngiri akafumba macho, akasimamisha mkia wima, akafungua kinywa kilichofungwa tangu utotoni.

"Ng'oooro!"

Kisha gamba la Kobe likaanza kutikisika. Kicheko cha Twiga kikapanda shingo yote, kikatokea juu. Tembo akacheka hadi machozi yake yakamlowesha Pundamilia.

"Nisamehe, mwanangu," akasema, akimfuta kwa mkonga. "Mguu wangu ni mzito."

"Yamekwisha, mzee. Ila Jumbe! Hebu tena, Jumbe!"

Ngiri akafumbua macho, akastaajabu kujikuta yu hai.

"Mtama uko nje, enyi ndugu zangu!"

"Ng'oooro!" Pu! Miguu yote ikashuka pamoja, kwa maana sauti ile ilikuwa nzito kama ngoma kuu, hata Twiga aliisikia kwa nyayo.

Wakaimba, wakashindilia, sakafu ikawa laini kama sahani. Mtama ukaingia, mlango ukafungwa, na mvua ikamwagika juu ya paa.

Enyi mlioketi hapa, sikieni. Wimbo ndio uliowafanya wale kuwa watu wa nchi moja. Uliponyamazishwa, wakawa miguu inayokanyagana tu. Nawe unayejificha kwa aibu ya sauti yako, hukupewa kinywa ili ukizike. Ingia ngomani. Waache wacheke! Utapona, na wao watapona pamoja nawe.

Na ukimwona ngiri akikimbia mbugani, tazama mkia wake ulivyosimama wima. Mpaka leo anasubiri zamu yake ya kuitikia.

"Hadithi imeshiba, inaaga!"

"Na iende salama, tumeisikia!"