Homa Iliyotoka Mguuni

Wapendwa, tulieni kidogo. Na nyinyi akina baba wa benchi la nyuma msisinzie, hii inawahusu.

Kulikuwa na mama mmoja, mumewe alipigwa na kiharusi. Upande wote wa kulia ukafa ganzi, mkono hadi mguu. Alilazwa wiki mbili, akarudishwa nyumbani, na jamani, yule mama alifurahi! Maana ulimi ulikuwa umeanza kurudi. Baba anasema "maji", anasema "funga mlango", na asubuhi moja akamwita mkewe "mama watoto". Mama alilia palepale.

Sasa mnajua desturi yetu. Mtu akipooza, tunamkanda. Maji ya moto na taulo, asubuhi na jioni, na kadiri yanavyounguza ndivyo tunavyosema yanafanya kazi. Wifi yake, dada wa mgonjwa, alikuja kumsaidia: yeye anachemsha, mama anakanda. Siku ya Jumanne mama akabandika taulo chini ya goti, akalishikilia. Mgonjwa hakushtuka. Angeshtukaje, na mguu hausikii? Alipoliondoa, ngozi ikaja nalo.

Mama akawaza: Wifi akijua, si ukoo mzima utasema nimemchoma mume wangu? Akaufunika mguu kwa shuka. Akajiambia ni kidonda tu cha mguuni, ugonjwa wenyewe uko kichwani.

Jumatano baba akashikwa na homa, na yale maneno "funga mlango" yakapotea. Muuguzi wa zahanati, aliyekuwa akipita kuwaona wagonjwa majumbani, akampima presha, akauliza, "Mama, ameanguka? Ana kidonda popote?"

"Hana, sista. Ni ule ugonjwa wake tu."

Wifi alikuwa amesimama papo hapo na sufuria mkononi. Akageuka, akarudi nayo jikoni.

Alhamisi hata "maji" hakuweza kusema. Anamwangalia mkewe, midomo inahangaika, sauti haitoki. Niwaulize, wewe ungelala? Ungekula? Yule mama hakula wala hakulala. Shuka ikisogea kidogo tu, anakimbia kuirudisha. Ijumaa muuguzi aliporudi, alimkuta mgonjwa hafumbui macho, na hapo mama akashindwa. Akaivuta shuka mwenyewe.

"Nimemuunguza mimi, tangu Jumanne," akasema. "Wifi yangu, nisamehe. Nilikuogopa."

Muuguzi akashika kichwa. "Siku tatu, mama! Ubongo huu tayari umeumia. Mwili ukianza kupigana na jeraha jingine huku chini, homa na sumu yake vinapita kwenye damu mpaka kichwani, vinaharibu hata kile kilichobaki. Unadhani nilikuuliza kwa nini?"

Basi wifi akakaa chini, akaangua kilio. "Mimi mguu niliuona Jumanne ileile, nilipombadilisha nguo. Yale maji niliyachemsha mimi. Niliogopa utasema nimemuua kaka yangu."

Mmesikia? Walijua wote wawili! Kila mmoja anamwogopa mwenzake, na mgonjwa yuko katikati, anaisha. Walimkimbiza hospitali, kidonda kikapona, akabaki hai. Lakini baba hakumwita tena mkewe "mama watoto", maisha yake yote.

Msimcheke yule mama. Je, sisi? Tunafunga, tunaomba, tunasema kanisa limepoa, vijana wanakimbia, sijui tumeingiliwa na nini. Na huku yupo dada aliyeacha kwaya ghafla mwezi wa pili, baada ya aliyotendewa na mmoja wetu humu ndani. Tunasema ana mambo yake, tena ni mtu mmoja tu. Wewe unajua. Aliyekaa kando yako anajua, ila anakuogopa. Na mimi mchungaji wenu, Mungu anisamehe, nimejua tangu mwezi huohuo wa pili.

Leo hakuna matangazo. Nikivua hili joho, naenda nyumbani kwa yule dada kwa miguu. Anayekuja nami asimame sasa.