Zimwi Lisilojua Kuchuma Hindi

Sogeeni, na mwenye usingizi aende akalale.

Bi Nyamvula alikuwa na bustani ya mahindi nyuma ya nyumba yake. Majirani walikuwa wamekwisha kuziacha bustani zao kwa zimwi moja, ambalo kila lilipoogopwa lilirefuka. Siku moja likasimama kwake, refu kupita mnazi.

"Nipe mahindi nishibe, au nikumeze!"

Moyo ulimwenda mbio, lakini bustani ile aliilima kwa mikono yake. Akasema, "Chuma mwenyewe."

Zimwi likanyofoa mbelewele kileleni, likatafuna, likapiga chafya.

Bi Nyamvula akacheka. "Hilo ni ua, mjinga wewe!"

Zimwi likapungua, likawa kama mgomba. Likachuma hindi changa, ndani mna gunzi tupu.

"Hata mjukuu wangu hachumi hilo!"

Likapungua, likawa kama mbuzi. Likang'ata hindi kavu la mbegu, meno yakamwagika chini.

"Kumbe kioja hiki ndicho kilichowakimbiza majirani?" akasema Bi Nyamvula, na hofu yote ikamtoka.

Zimwi likawa kama panzi. Likalia, "Nionyeshe basi lililo tayari, bibi!"

Akachuma hindi lenye ndevu za kahawia, akaminya punje kwa ukucha, maziwa yakatoka. "Ni hili. Lakini wewe huna meno."

Kuku akaja akalidonoa zimwi, akalimeza. Bi Nyamvula hakugeuka hata kutazama. Alikuwa jikoni akiligeuza hindi lake juu ya makaa, lisije likaungua.

Ngano yangu imeiva. Asiyeshiba akalime yake.